Sweta ya Kongowea

Baba yangu ni karani wa mizani bandarini.
Lori lolote liendalo bara, la chuma au la mchele,
husimama kwanza mbele ya dirisha lake,
naye huandika: gari tupu, gari na mzigo, tofauti.
Miaka ishirini na miwili anapima safari za watu.
Yeye mwenyewe hajavuka Voi.

Jumatatu habari mbili ziliingia kwenye simu moja.
Tudor wamenikubali. Eldoret wamenikubali.
Kozi ile ile, uhandisi wa maji,
miaka mitano huku, mitano huko.
Mwisho wa kuchagua: Ijumaa, saa sita usiku.

Baba aliteremsha kalenda ya mwaka jana,
akaigeuza, akapiga mstari katikati.
Karo.
Kitanda: Tudor bure, hiki ninacholala na Bishara,
mguu wake shingoni mwangu mpaka alfajiri.
Eldoret, kitanda cha kulipia, godoro uje nalo.
Chakula: Tudor, sufuria hii hii,
mtu mmoja haongezi nazi.
Eldoret, akauma kalamu, akaandika alama ya kuuliza.
Nauli, mara sita kwa mwaka. Akafuta. Mara mbili.
"Idi moja utaikosa," akasema, bila kuniangalia.
Mkopo wa serikali akauandika pande zote, sawasawa.
Hesabu ilipofungwa, hata Bishara aliona
upande gani umegusa chini.

"Basi, neno limekwisha," mama akasema. "Si limekwisha?"
Mfereji ukakohoa. Ilikuwa siku ya maji.
Nikakimbilia madebe.

Na hapa niseme kweli, maana watu watadhani nililia.
Sikulia. Eldoret nilikuwa naitaka
vile mtu anavyotaka kiatu kilicho nyuma ya kioo:
blanketi la kuvutia kidevuni,
mlango ambao hapana anayeugonga
kuniuliza chumvi nimeiweka wapi.
Lakini nilikuwa pia nalitazama debe la saba,
lile linalovuja,
na maji yetu ya Sparki
yenye munyu kidogo mwishoni mwa ulimi,
nikataka kujua kwa nini.
Si maji yote ya dunia. Haya.

Alhamisi baba alichelewa.
Alikuja na mfuko, na ndani ya mfuko sweta:
nzito, ya kahawia, vifungo vya mbao,
kimoja si ndugu wa wenzake,
bado inanuka sabuni ya nyumba nyingine.
"Nimepita Kongowea," akasema,
kana kwamba Kongowea mtu huipita kwa bahati mbaya.
"Bara kuna baridi, Mishi. Madereva hunambia."

Mama akaitazama sweta, akaitazama kalenda.
"Na hesabu yako?"
"Hesabu ni hesabu," baba akajibu.
"Nimechoka kupima mizigo isiyo yangu."

Niliivaa pale pale. Jasho likanishuka mpaka kiunoni.
"Imekukaa," akasema, na Bishara
akacheka hata akaketi sakafuni.

Ijumaa, saa nne usiku, saiba ya Mwembe Tayari.
Kijana mmoja, Nyevu, akanigeuzia kompyuta:
"Dada, nafunga."
Nikabonyeza Tudor.
Si kwa ajili ya kalenda. Nimemwambia baba hivyo
kwa maneno mepesi, kwa maneno mazito.
"Umenihurumia," alijibu,
na wiki nzima akanywa chai yake ya alfajiri
akiwa ameugeukia ukuta uliokuwa na kalenda.

Sasa ni muhula wa kwanza.
Kiyoyozi cha maabara yetu kimekwama,
hakizimiki, hakipunguki;
wenzangu wanatetemeka wameshika chupa za sampuli.
Mimi nimefunga vifungo vyote, na kile cha kambo.

Jana baba aliniona nikiikung'uta barazani.
"Huko kuna baridi?"
"Kuna, baba."
Akaweka kikombe chini.
Akataka kujua kiasi gani.