Meno Mawili ya Nyuma

Jumapili, Ihumwa. Upepo wa Julai
unatia vumbi hadi kwenye chai.
Nimembana Nhembo katikati ya magoti,
sungura dume niliyempa jina la tembo
kwa ajili ya masikio yake.
Siku ya nne hali. Meno yamepita mdomo,
yamepinda kama ukucha uliosahauliwa.

Chilongani, aliyesomea mifugo Mpwapwa,
anamulika kwa simu. "Fungua zaidi.
Tazama nyuma ya yale makubwa."
Natazama.
Vijino viwili, punje za uwele,
vimejificha mgongoni mwa kaka zao
kama watoto waliokatazwa kuonekana na wageni.

"Hivyo," anasema, "panya hana."

Panya! Nani kamtaja panya?

Yuko mmoja kwenye ndoo, wa jana usiku,
mtego ulimkuta juu ya gunia la mtama.
Chilongani anamwinua kwa mkia,
anambenua mdomo kwa kijiti.
Patasi zilezile, ila hizi zina rangi ya bizari.
Pengo lilelile refu kabla ya magego.
Nayo pia, anasema, hayakomi kukua
mpaka mwenyewe akome.

"Mama yao mmoja. Si jana wala juzi.
Kabla Bonde la Ufa halijapasuka,
kabla hakujawa na mtu wa kuchora mawe ya Kondoa,
miaka milioni sitini na ushee,
kajinyama fulani, katafunaji,
kalizaa. Wana wakagawana njia."

Nikacheka. Kisha kicheko kikaniishia.
Huyu namkatia majani ya mzabibu,
namfunika gunia kukiwa na baridi.
Yule namtilia sumu kwenye dagaa.
Undugu ni kufaana, si kufanana, tunaambiwa;
lakini kumfaa nani?
Wao kwa wao, hakuna aliyewauliza.

Kachi! Koleo limekata.
Kipande cha jino kimerukia vumbini,
kuku amekiwahi, amekitema.
Nhembo anatafuna hewa,
anaupima mdomo wake mpya.

Usiku, taa imezimwa.
Bandani: kwaru, kwaru, kijiti cha mzabibu.
Darini: kwaru, kwaru, sijui nini changu.
Nasikiliza nikitafuta tofauti,
vile vijino viwili vya nyuma,
havina sauti.

Mtego uko chini ya kitanda.
Kesho nitanunua chambo.
Au kesho kutwa.