Sahihi

Nilifunga duka la dawa za mifugo saa nane na robo,
nikaning'iniza kibao: NARUDI SASA HIVI,
uongo ambao Kakamega nzima inausema bila haya.

Shemeji Kokoto alikuwa ameketi kwenye duka la vitabu
nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kanisani,
mfupi kuliko sauti yake.
Redioni alikuwa jitu. Jumatano saa mbili usiku
alilijaza jiko letu lote kule Mbale,
mama kashika ubavu, ugali unaungua,
na kaka yangu Mudaki anagaragara
akipiga simiti kwa kiganja: "Basi! Basi, nitakufa!"

Hapa alikuwa mzee mwenye mafua
akitafuna njugu moja moja, kama anazihesabu,
viatu vimelowa, miwani imefungwa uzi.
Mbele yangu mwalimu mmoja alimwomba amchekeshe,
bure tu, hapo hapo,
kama mtu anayemsimamisha daktari njiani amtazame jino.
"Kitabu ni mia nane," Shemeji akamjibu.
Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa.
Mimi sikuwa na hakika kama ule ulikuwa mzaha.

Zamu yangu ilipofika maneno yote yalinitoroka,
nami nilikuwa nimeyapanga wiki nzima
kati ya dawa ya kupe na chumvi ya ng'ombe.
"Jina?"
"Si langu. Andika: Kwa Mudaki."
Kalamu ikasimama. "Mume?"
"Kaka. Hatusemezani mwaka wa tatu huu.
Ni mambo ya mpaka. Migomba minne
na kisima kisicho na maji."

Mvua ya Kakamega ikaanguka juu ya mabati,
ile ya alasiri, isiyobisha hodi,
ikabidi nimpigie kelele:
"Unaikumbuka ile ya sensa?"
"Ipi?"
Basi nikamsimulia, mimi, muuza dawa za minyoo,
nikamsimulia Shemeji Kokoto kichekesho cha Shemeji Kokoto:
karani wa sensa kaingia bomani. Mko wangapi hapa?
Saba, anajibu mwenye mji.
Karani anahesabu, anarudia. Mbona naona sita?
Wa saba ni jogoo. Mwandike.
Ndiye pekee humu mwenye kazi.

Kwanza alinikodolea macho.
Kisha kifua kikaanza kutikisika, njugu zikamwagika,
akaipiga meza kwa kiganja,
kiganja kizima, kama Mudaki na simiti yetu.
"Nani alisema hivyo?"
"Wewe."
"Mimi?" Akavua miwani, akafuta macho kwa tai.
"Kumbe nilikuwa mzuri."
Akatia sahihi huku bado anatetemeka.

Nilirudi dukani nimelowa. Mlangoni mama mmoja ananisubiri.
"Kuku wangu wanasinzia, binti. Nipe dawa."
"Ni wangapi?"
"Sita. Na jogoo."
Nilicheka, Mungu anisamehe, mbele ya msiba wa mtu.
Nikampunguzia shilingi ishirini
na bado aliondoka akigeuka nyuma.

Kitabu kiko chini ya kaunta, mwezi wa pili sasa,
kimeanza kunuka dawa ya kuogeshea ng'ombe.
Nauli ya Mbale si kitu. Si nauli.
Wateja wakipungua nakifungua ukurasa wa kwanza
natazama sahihi ile isiyo sahihi:
kicheko kiliutikisa mkono, mkono ukaruka herufi,
na pale pameandikwa Kwa Mdaki.

Najua atakachosema. Atakisogeza kitabu dirishani,
atakaza macho kama anasoma hati ya ardhi:
"Khavetsa, hata jina langu mmelimega?"

Na aseme hivyo.
Na aseme hivyo kabla sijavua viatu.