Faili Liitwalo Vyote

Saa nane na robo usiku, Kisumu,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la misumari na rangi.
Feni ya mashine inapiga kelele kama mtu anayezama,
kisha kimya.
Kwenye kioo, maneno mawili:
kumbukumbu imekwisha.
Mara ya tisa tangu Jumatatu.

Olwero alikuwa amesema, nunueni nyingine.
Tukanunua. Gigabaiti thelathini na mbili,
zikaletwa kwa pikipiki ndani ya mfuko wa mandazi,
zikaliwa zote kabla chai haijapoa.
Tukaongeza. Zikaliwa tena.
Mwenye minyoo humshibishi kwa kuongeza ugali.

Programu yetu inapima miwa.
Ilianza na mizani moja kule Muhoroni,
mistari mia nne; ningeweza kukutajia yote
kama majina ya wajomba.
Kisha malipo. Kisha mbolea ya mkopo,
kisha matrekta, kisha mvua, kisha madeni ya marehemu,
kisha ujumbe wa simu kwa lugha nne.
Leo ni mistari milioni tatu
na kila mmoja unamjua kila mwenzake.

Umewahi kung'oa gugumaji pale Dunga?
Unashika jani moja, moja tu,
na kisiwa kizima kinasogea.
Ndivyo humu:
nikigusa tarakimu ya ushuru
mashine inaamka kuijenga upya miwa yote,
wakulima wote, wafu na walio hai,
ndani ya kichwa kimoja,
kwa pumzi moja.

Basi nikaketi na kalamu.
Nikachora mishale: nani anamwita nani.
Karatasi ikajaa, nikahamia kalenda ya duka la chini,
nikavuka hadi Oktoba.
Mishale yote, nakuambia, yote,
ilipita mlango mmoja: faili liitwalo vyote.
Anayetaka tarehe analetewa na matrekta.
Anayetaka jina la mkulima
anabebeshwa mvua ya miaka saba.

Nani aliliandika? Nilimtafuta kwa hasira.
Mstari wa juu kabisa: H. Ajwang'.
Mimi. Wiki yangu ya kwanza kazini,
na chini yake, kwa furaha ya mgeni:
"Ili tusihangaike."

Nilicheka peke yangu
hadi Wandera, mlinzi, akapanda ngazi na tochi.

Siku kumi na moja nimelikata.
Mizani chumba chake, malipo chumba chake,
na kati yao dirisha dogo la kupitishia sahani.
Dirisha, si mlango.
Mbolea haina haja ya kuijua mvua.
Marehemu walale kwao.
Vipande viwili vimekataa kutengana;
nimeviacha vikumbatiane, nitarudi.
Na mashine nimeiambia:
jenga vinne kwa zamu, si thelathini na viwili kwa pupa.
Trekta likifungiwa trela tatu
hulala ubavu njia ya Awasi,
na wanaovuna ni watoto wa shule.

Leo asubuhi imejengwa.
Nusu ya kumbukumbu haikuguswa.
Hakuna aliyepiga makofi;
Olwero aliuliza kama kuna sukari.
Nami niko hapa nikijaribu kukumbuka
ile mistari mia nne ya kwanza,
na nimepata sita.