Kuigeuza Nguo

Mkanda. Ndilo neno nililowapa.
Mkanda wa moto chini ya titi la kushoto,
unaokazwa tundu moja zaidi kila nikiinama
kumgeuza Bwana Petrie kitandani.

Wakapima moyo. Moyo, wakasema, ni wa msichana.
Wakapima nyongo, wakaona kijiwe,
wakakibebesha lawama zote, wakakitoa.
Mkanda ukabaki.
Wakateremsha kamera tumboni,
wakanirudisha nyumbani na vidonge vya kiungulia.
Mwaka ukapita hapa Dundee, mvua ikinyesha kwa ubavu,
nami najibu swali lile lile: toka moja hadi kumi?
Nilisema saba.
Nane ingekuwa kudeka.

Kisha ndara ikanivuka ngazini bila kuniaga.
Nilifika chini, nikatazama: mguu mtupu.
Maji ya kuoga yakawa moto kushoto,
kulia hayana habari.

Eilidh, jina la herufi sita linalosomwa kwa tatu,
hakuwa daktari. Alikuwa binti wa mazoezi ya viungo,
zamu ya Ijumaa, koti lake bado linachuruza.
Akatoa ufunguo wa baiskeli,
akaukwaruza wayo wangu toka kisigino kwenda juu.
Kidole gumba kikainuka.
Kidogo tu, kama mtoto anayejua jibu na hajaitwa.
Akaacha kutabasamu. Akakwaruza tena.
"Mgongo umewahi kupigwa picha?"
Mgongo hauniumi, nikasema.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
ila hakuna aliyeniambia niigeuze nguo.

Mashine ya sumaku ilinigongea nusu saa.
Baina ya pingili ya nane na ya tisa,
pale mbavu zinaposhika mgongo usitikisike,
pale diski zisipozoea kutoka,
moja ilikuwa imetoka, imeganda, imekuwa chokaa,
imeukalia ugwe kama mgeni asiyetazama saa.

Hawakupitia nyuma.
Huko wangelazimika kuusogeza ugwe,
na ugwe, alisema mpasuaji, hausogezwi.
Walipitia ubavuni, wakalilaza pafu,
wakachonga lile jiwe punje kwa punje.

Bwana Petrie alifariki nikiwa wodini.
Mguu umerudi, si wote.
Usiku, kabla ya kuzima taa,
nachukua ufunguo wa mlango, nakwaruza wayo.
Kidole kinajikunja, kinatazama chini.
Nasubiri.
Nakwaruza tena.