Unyanyue Kidogo

Nilimwandikia Sigrid karatasi moja, mbele na nyuma,
Mansura akanisaidia maneno niliyoyakosa.
Maji huja saa tisa za usiku. Ukisikia bomba linakohoa
amka ujaze mapipa yote, usiiamini asubuhi.
Paka wa kijivu si wetu, ila anakula kwetu.
Bi Mize wa nyumba ya pili akileta bakuli
usilirudishe tupu; hata ndimu mbili zinatosha.
Na mlango wa mbele: unyanyue kidogo
kabla ya kusukuma. Umevimba tangu masika aliyofariki mkwe wangu.
Mkono utajifunza wenyewe.

Yeye alituma kurasa kumi na moja, zenye picha.
Mashine ya vyombo. Mashine ya nguo. Taka za aina tano,
kila moja na pipa lake na siku yake.
Shaame akasema, "Hii si nyumba, hii forodha."

Tukabadilishana funguo, Limbani kwa Bergen,
wiki tatu za Julai, hakuna wa kumlipa mwenziwe,
na mama yangu, pale gatini Mkoani, akauliza tena:
"Yeye kwako, wewe kwake.
Sasa mwenyeji nani?"

Kule jua lilikataa kutua.
Shaame alikaa dirishani na saa mkononi
akiingoja magharibi kama anayengoja mdeni;
ilipofika ilikuwa saa tano kasorobo, watoto wamekwisha lala.
Nyumbani tunasali tumeelekea kaskazini.
Kule tuligeukia kusini na mashariki,
nikafikiri, basi nyumba hizi mbili zinatazamana,
Makka katikati, kama watu waliozunguka chano kimoja.

Siku nane hakuna aliyepiga hodi.
Siku ya tisa nilikaanga ng'onda niliyemficha sandukuni
na kengele ikalia. Jirani!
Nikapapatika kutafuta bakuli la kumtilia.
Alikuja kwa ajili ya harufu.

Godoro lina bonde upande wa Sigrid,
nikalala ndani ya umbo lake.
Sikufungua makabati. Moja tu, la chini ya ngazi:
kapu la glavu za sufi, zote zimepoteza wenza,
labda ishirini, za miaka na miaka,
mtu ameshindwa kuzitupa.
Hapo nikampenda.

Tuliporudi, Bi Mize alinipa habari kabla ya salamu.
Kwamba yule mume anafua mwenyewe, na anaanika vibaya.
Kwamba Ingvild, kile kitoto, kilikaa naye jamvini
kikichambua karafuu, makonyo huku, karafuu huku,
mpaka adhana, na hakikutaka kwenda kula.
Kwamba bakuli lilirudi kila mara na kitu,
mara ya mwisho mawe ya pwani, yameoshwa.
"Nimeyaweka. Ningefanyaje? Zawadi."

Paka hakuja kunipokea.
Nikashika kitasa, nikanyanyua kidogo,
nikasukuma kwa bega kama siku zote,
mlango ukaniachia.
Nikaingia kwangu kwa kuanguka,
viganja sakafuni, mtandio huko,
watoto wanacheka.

Torvald alikuwa ameupiga randa na kuutia bawaba mpya.
Karatasi mezani: haikuwa kazi kubwa, asanteni kwa nyumba.

Ni fundi mzuri. Nimemwandikia hivyo.
Sikumwandikia kwamba mlango ule ulikuwa ukinitajia watu:
Shaame mguno mmoja, Mansura miwili,
Kombo, yule mdogo, teke.
Sasa wanaingia kama moshi.
Nageuka na upawa mkononi, mtu yupo nyuma yangu.

Na mkono bado unanyanyua.

Leo, naosha mchele, nimekumbuka:
siku ya mwisho kule nilizimwaga zile glavu zulia zima
nikazipanga mbilimbili kwa rangi zinazokaribiana,
nikazikunja, kila moja na mwenzake,
nikaona nimefanya jambo la maana.
Sigrid hajaandika kitu juu ya hilo.