Kibao cha Chapati

Ni cha mvule, cha mviringo, miguu mitatu.
Miaka thelathini kimesukumiwa chapati pale Tononoka
hata kikachoka katikati, kikabonyea kama kiganja
kinachongoja kutiwa kitu.
"Wakitakiani?" akauliza Mama.
Nikamwambia nataka kuunda amplifaya ya valvu
na bado sijui itakaaje,
nataka kwanza mahali pa kukosea.
Akacheka. "Basi chukua. Hapo mimi nimekosea sana."

Nilipopiga randa ikatoka harufu ya samli,
samli ya alfajiri elfu kumi, imezama hadi kiini cha mti.
Nikapaka vanishi mara tatu. Harufu ikabaki.

Soketi nne za kauri.
Skrubu za shaba kutoka kwa Shekuwe, Mwembe Tayari,
si za chuma, maana hewa ya kisiwa hiki
hula chuma usiku kama panya alavyo sabuni.
Transfoma niliing'oa kwenye kipaza sauti kizee cha shule ya Kaloleni,
uzito wake mtoto wa miezi mitatu;
haikuenea kibaoni, nikailaza kando juu ya tofali.
Sikulehemu chochote.
Kila waya niliubana kwa skrubu,
kwani niungacho leo
kesho nitakifungua bila kuomba radhi.

Volti mia tatu.
Shekuwe alinifunza: ukipima, mkono wa kushoto mfukoni.
Mkono mmoja haulei mwana, sawa,
lakini hapa mkono mmoja
ndio unaomrudisha mwana kwa mamake.
Na ukizima, usiguse.
Kapasita hazina habari kwamba umezima,
zina kinyongo, zinaweka.
Zimwage kwanza kupitia rezista,
uhesabu hadi mia,
kisha upime tena, kama mtu asiyejiamini.

Saa tatu usiku stima iliporudi
nikawasha.
Wekundu ukaja polepole ndani ya vioo,
kama hina inavyokolea ukiwa hutazami.
Halafu spika ikaanza:
nguuuuu.
Nikabana hapa, nikalegeza pale,
nikabadilisha valvu ya kwanza, nikairudisha.
Nguuuuu.

Kutoka chumbani: "Kuna nzi humo ndani."
"Si nzi, Mama. Ni ardhi."
"Ardhi gani iliayo?"

Sikuwa na jibu. Nikazima, nikahesabu hadi mia,
nikaketi nikikitazama kibao.
Ardhi nilikuwa nimeitia mahali patatu,
karibu na kila mguu, kwa kupenda upambe.
Umeme nilikuwa nimeupa njia tatu za kurudi kwao
nao ukawa unazunguka tu,
mgeni aliyeelekezwa nyumba moja na watu watatu.
Nikakusanya nyaya zote nyeusi,
nikazibana kwenye skrubu moja,
pale katikati, kwenye bonyeo,
mahali mti wake wa kusukumia ulipopapita
mara nyingi kuliko popote.

Nikawasha.
Wekundu. Kimya.
Nikagusa waya wa kuingizia sauti kwa ncha ya kidole,
spika ikakohoa. Nikaondoa kidole. Kimya.

Mama akaja mlangoni, leso begani.
"Limekufa?"
"La. Kitu kizima hunyamaza hivi."
Akasikiliza kitambo, kichwa upande,
kama alivyokuwa akisikiliza mafuta
kabla ya kutupia chapati ya kwanza.

Asubuhi nikafungua kila kitu.
Sauti ilikuwa nyembamba, rezista ya kathodi nilikosea,
na ile valvu kubwa ilipata moto kupita kiasi.
Mama akapita na kikombe chake cha chai,
akayahesabu matundu kwa ukucha:
kumi na tisa, na moja lililopasuka.
"Yataongezeka," nikamwambia.

Akanywa funda moja.
"Na ule mti wa kusukumia," akasema, "huutaki?"