Maji ya Moto

Ramani wameitandaza juu ya meza ya kulia,
kona moja wameibana kwa bilauri,
nyingine kwa sahani ya halua.
Naingia na dele la kahawa, natoka, naingia.
Hakuna anayeshusha sauti.
Kiswahili cha nyumba hii ni chao na ni changu:
wao walikuja nacho kutoka Unguja, mimi kutoka Pangani,
lakini anayesikiliza ni mimi.

Mundhir, aliyesomea uhandisi, ataka mabomba darini,
nyumba nzima ya Mabela, kila chumba na kinyunyizio chake.
Amemletea baba mfano kiganjani:
kidude cha shaba, kitovuni kichupa chekundu
chembamba kama njiti ya kiberiti.
"Joto likifika sitini na nane, kinapasuka.
Maji yanashuka palepale,
kabla watu wa zimamoto hawajavaa viatu."

Bwana Zahran anakigeuza kama anayekagua tende.
"Riali elfu mbili na mia tatu!
Na dari yangu ya jasi? Na mazulia?
Na mama yako na chetezo chake,
kila Alhamisi hatuonani kwa udi,
tukoge sote na nguo zetu?"

"Hakisikii moshi, baba. Kinasikia joto.
Wala havipasuki vyote; ni kile kilicho juu ya moto, basi."

Bi Ghaniya acheka: "Na maji yenyewe ya Agosti?
Ukifungua bomba la baridi, chai inaiva.
Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Sisi tutauzima kwa maji ya moto."
Wakacheka wote. Nami nikacheka, jikoni,
ambako kicheko changu hakihesabiwi.

Hawajaniuliza,
na moto wa nyumba hii naujua kama mtoto niliyemlea.
Naijua soketi ya nyuma ya friji, iliyogeuka rangi ya chai.
Naijua chaja ya Rauhiya, inayolala chini ya mto wake.
Nalijua karai la sambusa, mkesha wa Idi:
nilikwenda kufungua mlango,
nikarudi nikalikuta limesimama na ndimi zake.
Nikazima gesi, nikalifunika,
nikasugua ukuta mpaka alfajiri.
Kovu liko mkono wa kushoto. Nilisema ni pasi.

Nikimimina kikombe cha tatu, natupa jicho.
Vidoti vyekundu: majlisi vinne, sebule sita,
chumba cha Rauhiya, chumba cha Mundhir
na mke ambaye hajaposwa bado,
hata stoo ya mchele.
Naitafuta ngazi. Naipanda kwa macho hadi juu ya paa:
mashine ya kufulia, matangi mawili,
na baina ya matangi na ukuta, mstatili usio na jina.
Dirisha moja, lina nondo, kwa ajili ya wezi.
Mlango mmoja, unatazama ngazi,
ngazi ambayo moshi utaipanda kabla ya mtu.
Hakuna kidoti.

Maji yote ya nyumba yatalala ubavuni mwangu.
Nitayasikia usiku yakigugumia, tangi likijaa,
kisha yashuke kwao, ndani ya ukuta wangu,
kama mgeni apitaye bila hodi.

"Wiki ijayo tutaamua," asema Bwana Zahran.
"Nimwulize mkandarasi kama atapunguza."
Mundhir aanza kukunja karatasi.
Kikombe nilichoshika kimelowa kahawa na zafarani kitakoni.
Nakiweka, polepole, juu ya paa.

"Mwantumu, karatasi!"
Nakiinua. Penye mstatili pamebaki duara,
dogo, la manjano.
Mundhir analipangusa kwa kidole, linazidi kuenea.
Analitazama. Ananitazama.
"Samahani," nasema,
na sisogei.